Kahigi na Boksi la Sista Gerda

Siku ile nilikuwa nimeanika mpunga kwenye turubai mbele ya nyumba yetu Kimwani, nikiugeuza kwa mguu, jua likiwa bado halijawa kali. Simu ikalia ndani. Nilidhani ni binti yangu Lilian, maana yeye hupiga asubuhi kabla hajafungua duka lake la vifaa vya simu Bukoba mjini. Ilikuwa namba ya Gozbert, jirani wa kaka yangu kule Nshamba.

"Mama Lilian," alisema, "uko na mtu hapo karibu?"

Nikajua. Mtu akikuuliza hivyo amekwisha kukuambia.

"Niko na kuku tu. Sema."

"Basi kaa chini, waitu, ndugu yetu."

Sikukaa. Akaniambia kwamba Kahigi ametutoka. Alikwenda kibanjani asubuhi kukata majani makavu ya migomba, na mkewe Joviana alipompelekea chai alimkuta ameegemea mgomba, panga liko pembeni, kofia iko magotini. Joviana alidhani amesinzia. Alikaa naye pale kidogo, akamwekea chai chini, kabla hajamgusa.

Nilirudi nje nikaendelea kugeuza mpunga. Nilizunguka lile turubai mara nyingi, polepole, nikiitazama miguu yangu kama miguu ya mtu mwingine. Mpunga ulikuwa unang'aa. Mume wangu alipofika kutoka shambani alinikuta bado nazunguka, akanishika mkono, na hapo ndipo nililia.

Kaka yangu Kahigi Mutembei alikuwa na miaka hamsini na minne. Mimi ni Evelyne, ninayemfuata. Kwa mama yetu tulizaliwa wawili tu. Ile historia ya marehemu niliyoisoma msibani ilikuwa ya ukurasa mmoja: alizaliwa, akabatizwa, akasoma hadi kidato cha nne, akaoa, akajaliwa watoto wanne, akalima kahawa, akawa mzee wa kanisa. Yote ni kweli. Lakini jambo alilolitaka kuliko yote halikuwamo, kwa hiyo naliandika hapa.

Mama yetu, Celina, alifariki mwaka 1973 akiwa na miaka ishirini na saba. Kahigi alikuwa na miaka mitatu, mimi nilikuwa bado nanyonya. Hakuacha picha hata moja. Baba hakuwa mtu wa kusimulia. Ukimuuliza habari za mama alitoka nje kwenda kutazama ng'ombe, hata kama ng'ombe hawakuwa na shida. Tulichokijua tulikipata kwa mama mdogo Kokubanza, mdogo wake mama. Alituambia mama alikuwa mtu wa mkono wa kushoto. Alimenya ndizi kwa kushoto, alipakua kwa kushoto, na wazee walimkemea mpaka wakachoka. Tena alituambia kwamba mama alikuwa mpishi kwenye jiko la zahanati ya misheni, na muuguzi wa Kijerumani aliyeitwa Sista Gerda alimpiga picha pale siku moja, akaahidi kumletea. Kisha mama akaugua, Sista akarudi kwao, na picha haikuja.

Mimi niliweza kuishi na hayo. Kahigi hakuweza. Tulipokuwa kwenye mafundisho ya kipaimara alinyoosha mkono akamuuliza mwinjilisti, "Mbinguni nitamtambuaje mama, na mimi sura yake siijui?"

Wenzetu walicheka. Mwinjilisti akasema mama ndiye atakayemtambua yeye.

"Aliniacha na miaka mitatu," Kahigi akasema. "Je, nikifika na mvi?"

Mwinjilisti alifunga kitabu, akatuambia twende tukacheze. Nadhani aliogopa kumdanganya. Swali lile kaka yangu alikua nalo. Hakuwa mtu wa huzuni, msinielewe vibaya. Alikuwa mcheshi kuliko sisi wote. Lakini mara nyingine, katikati ya mazungumzo, alikuwa akimtazama mwanamke mzee anayepita barabarani, akamtazama mpaka akapotelea kwenye migomba, na mimi nilijua anafanya hesabu ya miaka.

Kwenye usharika wetu Kahigi ndiye alikuwa mpiga mnada. Baada ya ibada, sadaka ambazo si fedha hutolewa nje, mikungu ya ndizi, mayai, maharage, kuku, kisha zinanadiwa pale uwanjani. "Kuku huyu amesikiliza mahubiri yote bila kusinzia," alikuwa akisema, "tofauti na baadhi ya wanunuzi ninaowaona hapa." Mnada wa kanisani una desturi zake. Bei inatajwa kwa sauti, hakuna anayeficha kiasi chake mfukoni. Mtu akionekana anakihitaji kitu kweli, wenzake wanamwachia. Na mpiga mnada hafungi mpaka ametazama nyuso zote. Kahigi aliyashika hayo kwa miaka ishirini na mbili, yakawa ndani yake kama mwendo wake wa kutembea.

Ilikuwa mwaka juzi, alikwenda Bukoba kupeleka vanila, akapumzika dukani kwa Lilian. Lilian alikuwa kwenye simu akinunua vioo vya simu kutoka kwa mtu wa nje, kwenye mtandao wa mnada.

"Na huyo mtu mnajuana?" Kahigi akamuuliza.

"Hatujuani, mjomba. Yeye anaweka kitu, watu wanapandisha bei, saa ikiisha aliye juu anachukua."

"Wanauza vioo tu?"

"Wanauza kila kitu. Hata meno ya bandia ya marehemu."

Kahigi alisogea kwenye kaunta. Kisha akauliza, "Na picha za zamani?"

Lilian aliandika neno Bukoba kwenye mtandao wa Wajerumani, akampa simu. Baadaye aliniambia kwamba mjomba wake aliishika ile simu kama mtu aliyepewa mtoto mchanga. Mji wetu ulikuwa umetawanyika kule ng'ambo, vipande vipande, kwenye meza za watu. Stempu zenye mhuri wa Bukoba. Kadi za posta zenye ziwa na mashua. Kopo la kahawa lenye kutu. Picha ya watu waliosimama mstari mmoja, bila majina, chini ya bei. Kahigi alizitazama zote, akarudia. Tangu siku hiyo, kila Jumamosi alimpigia Lilian: "Umeandika lile neno?" Lilian aliliandika kwa zaidi ya mwaka mzima.

Mwaka jana mwezi wa Mei Lilian ndiye aliyempigia. "Mjomba, kaa chini. Kuna boksi la slaidi. Zile picha ndogo za filamu zenye fremu ya karatasi ngumu, unazitazama kwenye mwanga. Juu ya boksi wameandika, simu inavyotafsiri, Dada Gerda, Bukoba, 1969 hadi 1974."

Mnada ulikuwa unafungwa Jumapili saa tisa alasiri. Siku hiyo Kahigi alimwachia mtu mwingine mnada wa kanisani, akapanda basi. Mimi pia nilikwenda. Tulikaa watatu nyuma ya kaunta, duka limefungwa, mvua inapiga bati. Kwenye simu zilikuwa zinaonekana slaidi nne tu kati ya mia moja na arobaini, ndogo kama kucha: ziwa, kanisa, ng'ombe, na mti.

Lilian alimwambia, "Taja kiasi chako cha mwisho kabisa, mashine itakupandishia yenyewe kidogokidogo."

"Nimwambie mashine siri yangu? Nitapandisha mwenyewe, waziwazi."

Akapandisha. Mtu mwingine akapandisha. Akapandisha tena, na yule mtu akarudi. Ilipofika mara ya sita Kahigi aliinua kidole kutoka kwenye kioo.

"Mjomba, bado dakika moja! Pandisha!"

"Huyu mwenzangu amerudi mara sita," Kahigi akasema polepole. "Mtu harudi mara sita bila sababu. Labda naye ana mtu wake humo ndani."

"Huyo ni mkusanyaji tu! Anakusanya picha za Afrika kama mtu anavyokusanya vizibo vya soda!"

"Wewe uso wake umeuona wapi?"

Na pale alipokuwa anasema hivyo, saa ikaisha. Hakuna aliyeuliza mara ya kwanza, mara ya pili. Boksi lilikwenda kwa mtu asiye na jina. Kahigi aliitazama simu akisubiri, nafikiri alisubiri mpiga mnada atazame nyuso zote, na polepole nikaona usoni mwake ameelewa. Tulitoka, akatembea mbele yetu hadi ufukweni. Ziwa lilikuwa la kijivu na mbingu ni ya kijivu, hujui mwisho wa moja na mwanzo wa nyingine.

"Evelyne," akaniambia, "nimemwachia mtu mwingine mama. Kwa heshima."

Niliomba moyoni tu. Mungu husikia hata maombi ambayo hayana maneno mazuri.

Wiki ile alimwandikia muuzaji. Alisema kwa Kiswahili, Lilian akageuza Kijerumani kwa simu. Barua ilianza na Bwana Yesu asifiwe, ikauliza habari za nyumbani kwake, za mvua na za wazazi, na mwisho kabisa ikaeleza habari za mama. Lilian alisema hakuna mtu duniani anayeandika hivyo kwenye mtandao wa mnada. Jibu lilikuja baada ya siku tatu, fupi. Muuzaji huondoa vitu kwenye nyumba za wazee waliofariki. Dada Gerda alifariki akiwa na miaka tisini na moja, ndugu zake hawakuzitaka picha. Mama yake muuzaji hajambo. Kulikuwa na boksi la pili, angeliweka Jumapili ijayo. Sheria za mtandao hazimruhusu kuliuza pembeni. Kwa kawaida hatumi nje ya Ulaya, lakini hili angetuma.

Safari hii Lilian aliweka kiasi cha mwisho mapema, akaificha simu nyuma ya mgongo. Kahigi alisimama katikati ya duka ameshika kofia. Zilipobaki sekunde chache alishindwa kujizuia. "Mara ya kwanza!" alipaza sauti. "Mara ya pili! Kuna mwingine? Nawatazama wote! Mara ya tatu!" Lilian akaitoa simu. Boksi lilikuwa letu. Mtu aliyekuwa amejikinga mvua barazani aligonga mlango akauliza kama kuna ugomvi.

Lilifika posta baada ya wiki saba.

Nilikwenda Nshamba kukaa nao siku chache. Kila asubuhi, ukungu ukiwa haujatoka kibanjani, Kahigi alikaa barazani na boksi magotini, akitoa slaidi moja moja, akaiinua kwenye mwanga na kufumba jicho moja. Ukisogeza kichwa chako karibu na chake uliiona: watu wadogo wa rangi wakielea juu ya migomba, wamevaa nguo za zamani, wanacheka na mtu ambaye hatumwoni. Wagonjwa kwenye mikeka. Harusi. Watoto wanaoga. Rangi zilikuwa nyekundu kidogo, kama kwamba miaka ile jua lilikuwa linazama siku nzima. Nilipoishusha slaidi na kuutazama uwanja wetu, uwanja ndio ulionekana kama ndoto. Tulizungumza kwa sauti ya chini, sijui kwa nini.

"Mume wangu siku hizi ana wanawake sitini ndani ya boksi," Joviana aliwaambia waliopita. "Mimi napewa kazi ya kuwapikia."

Siku ya tatu Kahigi alisimama, akakaa tena. Kwenye kivuli cha jiko la zahanati mwanamke mrefu alikuwa ameketi karibu na magunia, anamenya ndizi. Kisu kilikuwa mkono wa kushoto.

Alimpelekea mama mdogo Kokubanza, ambaye ana miaka sabini na tano na macho mazuri bado. Aliishika slaidi, akaigeuza juani. "Ndiyo," akasema. "Ndiye."

Kahigi alipiga magoti palepale uwanjani. Lakini mimi nilimwona mama mdogo akitazama pembeni.

Tukaenda Bukoba kuisafisha picha ikuzwe. Fundi wa studio, Muharami, aliiweka kwenye mashine yake, picha ikaja kubwa kwenye kioo. Alikunja uso.

"Mzee, hii umekuwa ukiitazama upande upi?"

Kahigi akamwonyesha. Sista alikuwa ameandika namba ndogo kwa penseli kwenye fremu, na kaka yangu, mtu wa utaratibu, kila mara aliielekeza namba kwake.

"Basi umeitazama kinyume. Namba iko upande wa nyuma. Soma hapo kwenye gunia."

Tulisoma. Herufi za kwenye gunia zilikuwa zimegeuka, zinaanzia kulia. Muharami akabonyeza kitu, herufi zikakaa sawa, na kisu kikahama. Yule mwanamke alikuwa anamenya kwa mkono wa kulia, kama watu wote.

Tulipofika Nshamba Kahigi hakupita nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa mama mdogo.

"Kwa nini ulisema ndiye?"

"Mwanangu," mama mdogo akasema, "ulikuwa na njaa ya kusikia ndiyo tangu unajua kuzungumza. Nami ni mzee. Nilitaka ushibe kabla sijafa."

"Ungeniacha nife namjua mwanamke mwingine? Nikifika kule nimkimbilie mke wa watu?"

"Mawe!" mama mdogo akamaka kwa Kihaya, na ingawa alikuwa analia alianza kucheka, na Kahigi pia, wakacheka mpaka mbwa akabweka.

Kesho yake alianza upya. Slaidi zote, namba ikitazama nje. Sasa wanawake wa mkono wa kulia, waliokuwa wamewekwa kando, walihama mkono, na dunia yote ya Sista Gerda ikageuka. Kanisa likarudi upande wake wa kilima, na sisi tukashangaa kwamba wiki nzima tulikuwa tumelitazama limehama bila kuona kasoro. Picha tuliyoitafuta ilikuwa ya mia moja na kumi na saba. Mwanamke mfupi, amesimama kwenye mlango wa jiko, ameshika mwiko kwa kushoto kama mtu anayetaka kumchapa mpiga picha. Anacheka. Kichwani ana kitambaa cha kijani chenye maua meupe. Kwa nyuma, kwenye mkeka, amekaa mtoto wa kiume anakula kitu.

Hatukumwambia mama mdogo chochote. Kahigi alimpa slaidi tu, akakaa mbali naye. Mama mdogo aliiinua. Ukungu ulikuwa unapanda kutoka bondeni, ukampita miguuni.

"Mwizi huyu," akasema. "Kitambaa changu! Nilikitafuta hadi nikampiga mtoto wa jirani! Celina, wewe, mwaka mzima uliniambia hujakiona!"

Aliendelea kuigombeza ile slaidi kwa Kihaya, kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika, na machozi yakimtiririka, na hakuna aliyemuuliza kama ndiye.

Muharami aliikuza, ikawekwa ukutani sebuleni. Kahigi alikaa mbele yake kila jioni. "Mama ni mtoto," aliniambia. "Evelyne, nina watoto wakubwa kuliko yeye." Alijifunza kila kitu kilichomo usoni, pengo dogo kwenye meno, nyusi moja iliyo juu zaidi. Aliniita nisogee, akaniwekea kidole chake kwenye nyusi yangu, kisha kwenye ya picha. Nilipoondoka siku ile, nikiwa kwenye basi kurudi Kimwani, vilima vikipita dirishani vimefifia, nilijisikia mwepesi kama mtu aliyeota ameambiwa jambo jema na hakumbuki ni nini.

Alikuwa nayo kwa miezi miwili na nusu. Kisha ikaja ile asubuhi ya mpunga.

Tulimzika Alhamisi. Mwili uliletwa nyumbani saa nne, ukawekwa barazani chini ya turubai la kanisa. Tuliaga kwa mstari, wanawake kwanza. Alikuwa amevaa suti yake ya uzee wa kanisa na uso wake ulikuwa umetulia. Niliutazama kwa muda niliotaka, hakuna aliyeniharakisha. Gozbert aliuliza kama picha iwekwe ndani ya jeneza. Joviana akasema hapana, wajukuu watahitaji kumjua. Mama mdogo Kokubanza alimwinamia akamwambia jambo sikioni, kisha akaomba aletewe kiti.

Nilisoma historia ya marehemu. Mchungaji alihubiri kifupi juu ya ufufuo, kwaya ikaimba nyimbo mbili, mvua ikanyesha kidogo na kukoma. Saa nane wanaume walilibeba jeneza hadi kibanjani, upande wa juu, ambako kaburi lilikuwa limechimbwa kushoto kwa kaburi la mama. Mchungaji alitupa udongo mara tatu. Joviana akatupa, kisha watoto kwa umri wao, kisha mimi. Lilian alikuwa amesimama karibu yangu. Wanaume wakajaza kaburi kwa majembe, wakalisawazisha, tukaweka mashada. Mchungaji akatoa baraka. Watu wakanawa mikono kwenye ndoo zilizokuwa mlangoni, wakala, na waliotoka mbali wakaanza kuondoka kabla basi la mwisho halijapita.